Lango la Vidole Mia na Kumi

Jumatatu, 8 Februari 1909

Daftari hili lilikuwa la reli. Kurasa ishirini na sita za mwanzo ni vipimo vya madaraja kwa mwandiko wangu, na chini ya kila ukurasa kuna sahihi ya mtu mwingine, msimamizi wa reli. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Leo nimepewa kazi ya lango. Mwenye kazi ni Bwana Fidahussein, yule muuza misumari na makarai karibu na soko. Mabohora wenziwe hapa Morogoro ni familia tano tu, na wana msikiti mdogo ambao ungeweza kukaa ndani ya kibanda cha mizigo cha stesheni na nafasi ikabaki. Kwa msikiti huo anataka lango la kupita tembo.

Amenionyesha picha, imechorwa kwa wino na binamu yake aliyefika huko. Ni lango la msikiti wa Mahdia, nchi ya Maghribi, mji wa Maimamu wao wa kale. Anasema ulijengwa kama mwaka wa mia tatu na tatu wa Hijra. Huu ni elfu moja mia tatu ishirini na saba, kwa hiyo ni miaka elfu moja na ishirini na minne. Nilipomwambia hesabu hiyo alinitazama kama nimemzawadia kitu.

Sijawahi kuona lango la namna ile. Halikukaa ndani ya ukuta, limetokeza mbele, kama mtu aliyetoka barazani kupokea wageni. Kila upande lina vidaka viwili, kimoja juu ya kingine, cha chini bapa, cha juu mviringo. Katikati ni tao.

"Zamani alikuwa anapita mtawala na watu wake," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa nitapita mimi na mama yangu, na wewe ukija kunywa chai."

Halafu akasema neno lililonifanya nikubali. Majengo yao ya zamani huwa na maandishi juu ya mlango, na juu ya lango hili ataandika jina la fundi. Nimejenga madaraja kumi na moja na jina langu, Rehani, haliko hata kwenye moja.

Kuna sharti. Kaka yake mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam siku ya Maulidi, tarehe 3 Aprili. Huyo kaka anasema lango ni fahari ya bure. Akikuta limesimama, litabaki. Akikuta magofu ya matofali, litabomolewa na matofali yatajenga ghala. Siku hamsini na nne, na masika ndani yake.

10 Februari

Tumebishana. Tao la kwenye picha lina tumbo: chini linabana, katikati linatanuka, juu linafunga. Bwana Fidahussein anasema lifanane na kiatu cha farasi. Hapa farasi wanakufa kwa mbung'o, nani atajua kiatu chake kikoje?

Nikamwambia, "Bwana, tao ni nusu duara. Reli yote kutoka pwani imepita juu ya nusu duara. Mimi nina siku hamsini na mbili, sina siku za kuchezea tumbo."

Akaikunja picha mara nne akaitia mfukoni. "Basi, fundi. Nusu duara." Hakununa. Ingekuwa nafuu kama angenuna.

13 Februari

Dominiko, seremala wa reli, amemaliza kiunzi cha mbao cha kujengea tao juu yake. Nusu duara safi ya mninga, upana mikono mitano, ndiyo vidole mia na ishirini. Tumekipima pamoja kwa fimbo yangu. Kesho anaondoka na reli kuelekea Kilosa.

Fimbo hiyo niiandike hapa. Ni mkono mmoja kamili, vidole ishirini na vinne, lakini si mkono wangu. Ni wa marehemu Mwalimu Mikidadi, mwashi wa Bagamoyo, aliyenikuta nabeba chokaa kwa kapu akaniweka mwiko mkononi. Sikurithi shamba wala nyumba. Nilirithi urefu wa mkono wa mtu.

15 Februari

Matofali yameletwa na Kibwana wa Mlali. Nilihitaji elfu tatu na mia nne. Nimehesabu elfu tatu mia moja themanini na nane.

"Yamepungua mia mbili na kumi na mawili," nikamwambia.

"Yako njiani."

"Yanatembea yenyewe?"

"Mnyamwezi, wewe ukoo wako umebeba mizigo hadi vichwa vikawa bapa, halafu unauliza matofali yanafikaje."

Ndivyo anavyosema, kwa sababu mimi ni Mnyamwezi na yeye Mluguru, na sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapitana njiani na misafara. Mtani anakutukana, anakufichia kofia, anakula chakula chako, akikunasa kwa hila unamlipa jogoo wa faini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi utani nauheshimu. Ila naona Kibwana ameufanya ndiyo kazi, na matofali ndiyo mapumziko.

16 Februari

Fimbo yangu imepotea tangu asubuhi. Nimeikuta adhuhuri ndani ya shimo la chokaa, nyeupe pande zote. Kibwana alikuwa amekaa juu ya matofali yake ananusa ugoro.

"Ipime vizuri," akasema, "isije ikawa imepungua."

Nikaipangusa nikaendelea. Jioni kaondoka kwenda Mlali kuchoma tanuri jingine. Anasema siku nne.

18 Februari

Msingi. Uwazi wa lango mikono mitano, nguzo za pande zote mbili mikono mitatu, lango litokeze mikono mitatu mbele ya ukuta. Vyote nimepima mwenyewe, mara mbili.

22 Februari

Siku nne zimekwisha. Kibwana haonekani.

26 Februari

Ijumaa. Safu ya tisa. Mama yake Bwana Fidahussein, bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, amekuja kwa mkongojo kutazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaweka kiganja juu ya tofali akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii inashika?" Nikamwambia inashika. Akaleta kiti. Amekaa hadi alasiri.

3 Machi

Matofali mia mbili na kumi na mawili yamefika, na barua ya mdomo kwamba Kibwana ana msiba wa mjomba. Nimempa pole kwa mjumbe. Pia nimesema matofali sita yamevunjika.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Imeshuka Uluguru kama mtu anayevuta shuka, saa nane mlima upo, saa nane na robo hakuna mlima. Tumefunika chokaa kwa makuti.

10 Machi

Mvua.

11 Machi

Mvua. Bibi amekuja na kiti na mwavuli.

14 Machi

Vidaka vya chini vimekwisha, pande zote mbili. Vya juu vinapendeza kuliko nilivyotarajia. Nimegundua jambo: ule mtokezo wa mbele unafanya kivuli, na kivuli kinafanya vidaka vionekane virefu. Yule fundi wa miaka elfu alikuwa anajenga kwa matofali na kwa jua. Nilikwenda mwenyewe dukani kuomba picha niitazame tena. Bwana Fidahussein aliitoa mfukoni. Mikunjo minne, imelowa jasho. Kila siku anatembea nayo.

Jumatano, 17 Machi

Naandika alasiri, mvua imetufukuza kazini.

Leo nguzo zilifika kimo. Tukainua kiunzi cha Dominiko watu sita, tukakipandisha jukwaani ili kikae kati ya nguzo. Hakikukaa. Nikasema kimevimba kwa mvua, kigeuzeni. Kikageuzwa, hakikukaa. Nikashuka nikachukua fimbo ya Mwalimu nikapima uwazi: mikono mitano. Nikapanda nikapima kiunzi: mikono mitano na zaidi, karibu nusu mkono.

Mbao za mninga hazivimbi nusu mkono.

Nikapima tena. Wale vibarua wakaanza kunitazama, kisha wakaanza kutotazama, na hilo ni baya zaidi. Mtu akasema polepole, "Fundi kakosea hesabu." Mimi. Niliyewahesabia wenye reli mizigo ya mawe kichwani kabla wao hawajafungua kalamu.

Nikaenda pembeni nikaweka fimbo juu ya mkono wangu. Mkono wa Mwalimu ulikuwa mrefu kuliko wangu, siku zote ncha ya fimbo ilipita kidole changu cha kati kwa upana wa vidole viwili. Leo ncha ya fimbo na ncha ya kidole changu zililingana.

Nikaikwangua chokaa iliyokaukia kwenye ncha. Chini yake mti ni mweupe, umekatwa kwa msumeno mwembamba.

Kila kitu nimekipima kwa fimbo iliyokatwa: msingi, nguzo, vidaka, mtokezo. Vyote vimepungua sawasawa ndiyo maana jicho halikuona. Kiunzi peke yake kilipimwa kabla. Uwazi ni vidole mia na kumi, kiunzi ni mia na ishirini. Kubomoa nguzo na kujenga upya ni siku ishirini na moja kwa jua, na siku zilizobaki ni kumi na saba, za mvua. Kukata kiunzi, Dominiko yuko Kilosa, na nusu duara ukiikata katikati si nusu duara tena.

Bwana Fidahussein alikuja na koti kichwani. Nikamweleza kwamba kuna kasoro. Akauliza, "Yako au ya mbao?"

Nikasema, "Sijui bado." Ninajua. Ni ya mtu mmoja tu anayenusa ugoro.

19 Machi, Mlali

Jana nimetembea tangu alfajiri, nimefika matope hadi magotini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi.

Kibwana alikuwa kwenye banda la matofali mabichi na dada yake mkubwa, Mwanaheri, mfinyanzi. Shimo la udongo ni la ukoo wa mama yao, na kwa Waluguru hiyo ina maana kwamba Mwanaheri akisema basi, ni basi. Nikaamkia. Nikaweka fimbo chini mbele ya Kibwana.

Akaangalia fimbo, akaniangalia mimi, akacheka. "Leo ndiyo umegundua? Mimi nilisema utagundua kabla ya kula mchana. Nimekaa huku nasubiri jogoo wangu wa faini, nasema, Mnyamwezi amenyamaza, kumbe ananitafutia jogoo mnene."

"Nimejenga nguzo," nikasema.

Akaacha kucheka.

"Kwa fimbo hii?"

"Zote mbili, mpaka juu."

Mwanaheri akauliza ni nini. Nikamweleza, na Mwalimu Mikidadi nikamtaja, jinsi alivyokuwa, na kwamba ule ulikuwa mkono wake. Sikukusudia kusema hayo. Yalitoka.

Kibwana akainama akachomoa kizibo cha kibuyu chake cha ugoro akanipa. Kilikuwa kipande cha fimbo, vidole viwili. Mwezi mzima alikuwa ananusa ugoro mbele ya watu na mkono wa Mwalimu wangu ndiyo kizibo. "Sikujua ni ya marehemu," akasema. "Nilidhani ni mti. Ningejua ningekata kofia."

Maneno yangu yote ya njiani yaliniishia. Kwa mtani huwezi kukasirika, na nilivyomtazama alivyoshika kile kibuyu kisicho na kizibo, ugoro unamwagika magotini naye haoni, sikuweza hata kujaribu.

Mwanaheri akamgeukia ndugu yake. "Kibwana, wewe ni mtu mzima mwenye wajukuu." Kisha kwangu: "Mlango umekuwa mwembamba kuliko kifuniko chake. Hiyo ndiyo shida?"

"Ndiyo, dada."

"Mtungi wangu kila siku mdomo ni mwembamba kuliko tumbo. Sijawahi kuubomoa."

Akachukua mtungi uliokuwa umekauka nusu, akaugeuza kichwa chini, akaukata kwa uzi kutoka juu hadi chini kama mtu anayekata muhogo. Akaiinua ile nusu mbele yangu, mdomo chini. Chini umebana, katikati umetanuka, juu umefunga.

Ilikuwa picha ya Bwana Fidahussein.

Nikaomba kamba. Nikachora duara ya vidole mia na ishirini kwenye udongo wa banda, halafu nikatafuta mahali ambapo upana wake unashuka hadi mia na kumi. Kutoka katikati ya duara kwenda chini hadi hapo nikapima kwa fimbo pamoja na kizibo chake, vikiwa vimeunganishwa kwa vidole vyangu. Mkono mmoja kamili. Haukupungua wala kuzidi. Nikapima tena, maana sasa sijiamini. Mkono mmoja.

Maana yake ni hii: nipandishe safu nane juu ya nguzo, kila safu irudi nyuma kidogo, na juu ya hapo kiunzi kikae kama kilivyo, kizima. Nusu duara yangu, na chini yake tumbo la mtu wa miaka elfu.

Kibwana alikuwa anachungulia begani. "Kwa hiyo nilikata sawasawa," akasema.

"Nyamaza," tukasema wote wawili, mimi na dada yake.

21 Machi

Matofali ya tumbo ni tisini na sita. Mwanaheri analowesha yale mabichi ya bandani, anayakwangua uso kwa kipande cha kibuyu kama anavyokwangua mitungi, kila safu na mzingo wake. Nimempa vipimo nane. Baada ya cha tatu akasema havihitaji, mkono umeshajua. Nikapima alivyofanya bila kipimo. Nilirudisha kamba mfukoni.

Leo yanachomwa pamoja na vyungu vyake. Kibwana ndiye anachochea moto, na hajatania tangu juzi. Sipendi.

22 Machi

Wabebaji kumi na wawili, matofali manane kila mmoja. Wa kumi na mbili ni Kibwana. Karibu na Msamvu nikamwambia, "Kumbe vichwa vya Waluguru navyo huwa bapa." Akacheka mpaka tofali moja likataka kuanguka. Afadhali.

24 Machi

Safu nane zimekaa. Bwana Fidahussein alisimama chini ya mvua, akatoa picha, akatazama juu, akatazama picha. Wino ulianza kuchuruzika, ikabidi nimwambie aifunike.

"Fundi, ulisema haiwezekani."

"Nilisema sina siku za kuchezea."

"Na sasa?"

"Sasa sichezi," nikasema, nikaendelea na kazi.

27 Machi

Tofali la mwisho la tao limeingia saa kumi. Kibwana ndiye aliyelipandisha.

28, 29, 30 Machi

Mvua. Mvua. Mvua. Chokaa haikauki. Nagusa kila asubuhi kwa ukucha.

31 Machi

Bibi anauliza kila siku neno lile lile, "Inashika?" Leo nikasema, "Tunaomba." Akasema yeye ameanza zamani.

Ijumaa, 2 Aprili

Tumetoa kabari. Kiunzi hakiwezi kushuka, maana chini ni pembamba. Kilibidi kitoke kwa mbele, kama mkate kwenye tanuri. Niliwaambia wote wasogee, mtu mmoja tu ndani na mimi. Kibwana akaingia kabla sijamtaja.

"Toka, una wajukuu," nikamwambia.

"Na wewe huna, ndiyo maana ukifa hakuna wa kukusema vizuri. Vuta."

Tukavuta. Ulisikika mlio mdogo, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Vumbi la chokaa lilitumwagikia shingoni. Kisha mwanga ukaingia kutoka pande zote mbili na juu yetu palikuwa na matofali, yamekaa, hayakushikwa na kitu ila yenyewe kwa yenyewe.

Tulibaki pale chini muda ambao sikuuhesabu.

Jumamosi, 3 Aprili. Maulidi

Kaka amefika kwa treni, mtu mnene wa maneno machache. Alipita chini ya lango alasiri na mama yake mkononi. Bibi akasimama katikati, akagusa pale ukuta unapoanza kurudi nyuma, akasema kitu kwa Kigujarati. Kaka akageuka akaniuliza mbele ya watu wote waliokuja, Mabohora na Waluguru wa Mwembesongo na wabebaji wangu:

"Fundi, tumbo hili nani amelipigia hesabu? Dar es Salaam hakuna mtu wa kujenga hivi."

Bwana Fidahussein alikuwa anatabasamu, anasubiri niseme. Kibwana alikuwa nyuma, anatazama miguu yake.

Nakiri nililitaka neno lile. Nililitaka miaka kumi na moja, mmoja kwa kila daraja. Nikafungua mdomo kusema ni mimi, na nikaona kurasa ishirini na sita zenye sahihi ya yule msimamizi, alivyokuwa akiziweka sahihi bila hata kusoma, akiwa na haraka ya kwenda kula. Sikuwahi kufikiri kwamba ilikuwa rahisi namna ile.

"Mfinyanzi Mwanaheri wa Mlali ameliumba," nikasema. "Kipimo alikikata mdogo wake, huyu Kibwana. Mimi nilipanga matofali."

Kaka akasema, "Alikikata vipi?"

"Kwa msumeno," Kibwana akajibu, na Waluguru wote wakaanza kucheka, maana hadithi ilishafika Mwembesongo kabla yetu.

Kaka hakuelewa. Alitazama juu tena. "Libaki," akasema.

Jumatatu, 5 Aprili

Maandishi yamechorwa juu ya tao, kwenye lipu mbichi. Bwana Fidahussein aliniuliza aandike nini. Nikamwandikia kwenye karatasi: *Rehani, Mwanaheri na Kibwana, masika ya 1327.* Mwanaheri alisema lake lisiandikwe, ameshaliandika. Akanionyesha: pembeni mwa uso wa kila tofali la tumbo, alama tatu fupi za ukucha, kama anavyotia kwenye mitungi. Yote tisini na sita. Niliyapanga kwa mkono wangu, na mimi mwenye macho sikuziona alama. Tumbo hilo sitalipaka lipu.

Kibwana amesimama chini ya lango tangu asubuhi. Hajui kusoma, ameniomba nimwonyeshe lake ni lipi.

"Hilo la mwisho."

"Kwa nini la mwisho?"

"Kwa sababu ulikata vidole viwili tu. Ungekata vinne ningekuweka mbele."

Akafikiri. "Fimbo yenyewe utaiunga? Nimekuletea gundi ya seremala."

Nikamwambia hapana. Kipande nimemrudishia, kibuyu chake kinamwaga ugoro kila mahali. Fimbo nitaendelea nayo ilivyo, vidole ishirini na viwili. Inalingana na mkono wangu.